Matone Sitini kwa Dakika

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema kwamba amekosea. Mtaani walimwita Sekunde. Ukimpelekea saa inayochelewa dakika moja kwa wiki, alikutazama kama mzazi aliyemnyima mtoto chakula. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango tu, kimebanwa kati ya duka la viatu na mpiga picha za pasipoti. Ndani mlikuwa na meza yenye ukingo mfupi pande zote ili skrubu zisitoroke, taa ya shingo ndefu, na yeye mwenyewe, lenzi imemchora duara kwenye jicho la kulia ambalo hata sabuni ilikuwa imelikatia tamaa.

Siku hizi nani ana saa? Mtu anachomoa simu mfukoni, anaangalia, anarudisha, na ukimuuliza ni saa ngapi anachomoa tena. Sisi tulikuwa tunatia saa ufunguo kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Kitendo kidogo, lakini kilimfanya mtu aianze siku akiwa na adabu nayo. Hayo yamekwenda, na walioyaua hawajui hata walichoua. Sekunde hakufunga kibanda. Alibaki na wazee wenzake wachache, na watoto waliorithi saa za baba zao wakaona aibu kuzitupa.

Mimi nilipostaafu kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi nyingine waliyoiua, nilikuwa nakwenda kukaa naye. Ananiita Profesa kwa sababu shule niliishia darasa la nne, na mengine yote niliyaokota mwenyewe kwenye maandishi niliyokuwa nayapanga.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, namsomea gazeti. Yeye alikuwa ameinamia saa ya mkononi ya mwanamke, ndogo kama ukucha. Nikasikia kitu kimegonga ukingo wa meza, tik. Nikainua macho. Alikuwa ameshika kibano juu ya saa, anakishusha taratibu, anazungusha kiganja kukaza skrubu. Kwenye kibano hapakuwa na kitu. Skrubu ilikuwa imeshaanguka, na vidole vyake havikumpa habari.

Nilibaki na gazeti mkononi. Ningemwona akitembea uchi sokoni nisingeshtuka vile.

"Imekaa," akasema.

Akasogeza lenzi, akatazama, akatazama tena. Kisha akazima taa na kuweka mikono mapajani. Ndipo nikaiona vizuri. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, vyekundu, na vidole viwili vya kulia vilikuwa vimeanza kulalia upande, kama majani yaliyopigwa na upepo.

Nilikwenda kwa dada yangu siku hiyo hiyo. Aliziba mlango kwa mgongo wake kabla ya kusema.

"Kaka, mwezi wa tatu huu namfunga vifungo vya shati mimi. Asubuhi hawezi hata kushika kikombe. Na ukimwambia nimekuambia, tafuta dada mwingine."

Mikono ile nilikuwa nimeiona kabla. Baba yangu alikufa akiwa na vidole vilivyokunjika kama makucha ya ndege, tukamlisha kwa kijiko miaka sita, na sote tukasema ni uzee. Hakuna aliyetuambia vinginevyo, na hatukuuliza.

Nikamwambia Sekunde habari ya vidole vya baba, bila kumtaja dada, mpaka akakubali kwenda hospitali. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, amevaa viatu vya kukimbilia, na nilipomwona nilijiambia basi, tumekwisha. Lakini alimshika mikono kwa muda mrefu, kifundo baada ya kifundo. Akachukua damu, akapiga picha za mifupa, na juma lililofuata akatuita.

"Ni baridi yabisi, mzee. Kinga ya mwili wako imechanganyikiwa. Badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia viungo vyako mwenyewe."

"Yaani nimeajiri mlinzi, na mlinzi ndiye anayeniibia?"

"Hivyo hivyo. Kwa hali uliyofikia, vidonge pekee havitatosha. Kuna dawa ya kumtuliza huyo mlinzi, inaingia mshipani kwa dripu. Utakuja mara ya kwanza, halafu baada ya wiki mbili, halafu baada ya wiki nne nyingine. Kuanzia hapo, kila wiki nane."

"Mpaka lini?"

"Kwa muda wote itakaokusaidia."

Sekunde alinigeukia, midomo imemkauka. Kwa watu wa rika letu dripu ilikuwa na maana moja. Ukisikia fulani ametundikiwa dripu, ulitafuta shati safi na kutuma habari kwa ndugu walio mbali. Na huyu kijana anamwambia mtu anayetembea kwa miguu yake kwamba atatundikiwa kila wiki nane kama anayekwenda kunyoa!

"Na nikikataa?"

"Vidole vitaendelea kulala, na vikishalala sina dawa ya kuviamsha. Na nisikufiche, mzee. Kwa ugonjwa wako, dawa ya aina hii hapa tunayo hii moja tu."

Dada yangu ana goti bovu, kwa hiyo msindikizaji nikawa mimi. Siku ya kwanza nilikwenda nimejiandaa kuona wagonjwa mahututi. Nikafungua mlango wa chumba cha dripu, nikasimama. Palikuwa na viti sita vya kulalia nusu, vimepangwa kuzunguka ukuta, na kila kiti kina stendi ya chuma pembeni. Watu walikuwa na mirija mikononi na wanakula biskuti. Mmoja alikuwa anabishana na mtu kwenye simu kuhusu matofali. Mwanamke mnene, msusi, kama nilivyokuja kujua, alikuwa anachora mitindo ya nywele kwenye daftari kwa mkono ambao haukuwa na mrija.

"Karibu, baba," akamwambia Sekunde. "Mara ya kwanza, eti? Unaonekana kama unakwenda kunyongwa."

"Wewe ni mara ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu. Mimi ni utumbo, si mikono."

"Ya kumi na tatu, na bado upo?"

"Nipo, na jioni nina kichwa cha bibi harusi kinanisubiri. Ila shati hilo umekosea. Njoo na mikono mipana inayopanda juu. Na unywe maji ya kutosha asubuhi, mishipa isije ikakukimbia."

Nesi alikuwa mama wa makamo ya miaka thelathini na kitu, mwembamba, anayeongea huku mikono inafanya kazi nyingine. Alimpima uzito kwanza, kwa sababu dawa hutolewa kwa kilo za mtu. Akampima joto na presha. Kisha maswali kama ya polisi. Umekuwa na homa? Kikohozi? Jino linalouma? Kidonda? Umechanjwa chochote karibuni? Mkojo unachoma?

"Haya yote ya nini?" Sekunde akauliza.

"Dawa hii inapunguza kinga, baba. Ukiwa na ugonjwa umejificha, utapata nafasi ya kujitanua. Siku ukija na homa nitakurudisha nyumbani, na usinikasirikie."

"Hata kama nimetoka nyumbani alfajiri?"

"Hata kama umetoka juzi."

Dawa haikuchanganywa mpaka yote hayo yakaisha, maana ikishachanganywa haingoji mtu. Halafu akatafuta mshipa. Akamfunga mpira juu ya kiwiko, akampigapiga ngozi, akamwekea kitambaa cha moto, akachoma, akakosa, akaomba radhi, akachoma tena. Mimi niligeuza uso. Nilipogeuka tena nilimwona anaitupa sindano kwenye boksi, nikapiga ukelele.

"Mbona umeitoa?"

"Sindano kazi yake imekwisha, mzee. Kilichobaki ndani ni kamrija laini. Anaweza kukunja mkono, anaweza hata kwenda chooni na stendi yake."

Wakati wetu sindano moja ilichemshwa kwenye sufuria, ikachoma foleni nzima, ikachemshwa tena. Nilikuwa nimejiandaa kusema zamani mambo yalikuwa bora, nikakumbuka sufuria ile, nikafunga mdomo. Hilo pia lilinishtua.

Siku ile dawa iliingia kwa mashine ndogo iliyofungwa kwenye stendi, inasukuma yenyewe na kulia ikimaliza. Ilichukua saa mbili na zaidi kidogo. Sekunde alisema anasikia ubaridi unapanda mkononi, kisha akasinzia. Mfuko ulipokwisha tuliwekwa saa moja nyingine ya kuangaliwa tu, kwa sababu, alisema nesi, mwili wakati mwingine huchelewa kukasirika. Alitupa karatasi ya mambo ya kurudi nayo mbio tukiyaona: vipele, kuvimba midomo, kupumua kwa shida, homa. Kesho yake alikuwa mchovu kama aliyebeba mawe, na kichwa kikamuuma. Kesho kutwa akaamka salama. Vidole vilikuwa vile vile.

"Wezi," akasema.

Baada ya dripu ya pili, asubuhi moja, dada yangu alikwenda kumfunga vifungo akakuta shati limeshafungwa mpaka juu. Alirudi jikoni, akanipigia simu, na kwa muda nikawa nasikia kulia tu nisijue nani amekufa. Baada ya dripu ya tatu Sekunde alirudi kibandani, akawasha taa ya shingo ndefu, na mbele ya macho yangu akakaza skrubu ya ile saa ya mwanamke. Nilitaka kufurahi. Nikajikuta nimekasirika, kifua kinanipanda, nawaza kijiko na miaka sita ya baba yangu. Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Sasa niseme habari ya dripu ya nne.

Tulifika saa tatu asubuhi. Mashine haikuwepo kwenye stendi.

"Imepelekwa kwa fundi," nesi akasema. "Leo tunaenda kwa mkono, kama zamani. Mtafurahi, nyinyi si watu wa zamani?"

Alitundika mfuko. Chini ya mfuko palikuwa na kikombe kidogo cha plastiki kinachoonyesha tone likianguka, na chini yake kigurudumu cha kubana mrija. Ukikizungusha juu matone yanaongezeka, chini yanapungua. Alitazama saa aliyoibandika kifuani, akazungusha, akahesabu, akazungusha tena. Akaandika kwenye kadi, akaikunja, akaibana kwenye stendi, akasema, "Narudi baada ya robo saa. Ukisikia chochote, niite," akaenda kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa mlango wa pili.

Msusi alikuwa amelala, vitu vya muziki masikioni. Sekunde akakaza macho kwenye kikombe. Mtu yule alikuwa na sekunde ndani ya damu. Ungemwamsha usingizini angekuhesabia dakika bila kosa. Nikaona midomo yake inacheza.

"Tano," akasema. "Matone matano kwa dakika. Profesa, hii inachechemea."

"Nesi ndiye kaweka."

"Nesi kahesabu kwa saa ya kubandika kifuani, ya plastiki, umeiona ilivyo? Soma hiyo kadi. Imeandikwa ngapi?"

Nikainuka. Kadi ilikuwa imekunjwa, na sehemu iliyoonekana ilikuwa mstari wa chini. Nikasoma kwa sauti, kama nilivyozoea kumsomea gazeti.

"Matone sitini kwa dakika."

Sikuikunjua. Maisha yangu yote nimejisifu kwamba sikuhitaji mwalimu ili nisome, nimecheka vijana wanaosoma kichwa cha habari na kuacha habari, na siku ile karatasi iliyokunjwa mara moja tu sikujisumbua kuikunjua.

"Sitini!" Sekunde akasema, na uso wake ukafunguka. "Tone moja kila sekunde. Ndivyo kitu kinavyotakiwa kwenda. Yeye kaacha tano. Watu hawa wanalala kazini."

"Tumwite?"

"Tumwite wa nini? Ni kigurudumu."

Akapeleka mkono wa kulia, mkono ule ule uliofufuka, akashika kigurudumu kwa ncha za vidole viwili. Akakisogeza kwa kiasi ambacho mimi sikuona kama kimesogea. Akasikiliza kwa macho. Akarudisha unywele mmoja. Matone yakaanza kushuka, tone, tone, tone, sawasawa kabisa, na nasema kweli, niliona fahari. Nilimtazama fundi wa kweli akifanya kazi, nikajiambia haya ndiyo waliyoyapoteza.

Haikufika dakika kumi.

"Profesa," akasema, "kuna joto humu?"

Hapakuwa na joto. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu, wekundu unapanda kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Akaanza kujikuna kifua. Akataka kusema neno lingine, likakatika katikati. Kisha akaanza kutetemeka, kiti kizima kikatetemeka naye, stendi ikawa inagonga ukuta.

"Shemeji, kifua," akasema. "Kifua."

Sikumbuki nilichopiga kelele. Nakumbuka nesi aliingia mbio, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga kigurudumu. Akakitazama kwa nusu sekunde, na nikaona rangi ikimtoka. Halafu hakutazama tena. Akalaza kiti, akambandika oksijeni, akaita, daktari akaingia, sindano moja pajani, nyingine kwenye mrija, presha, presha tena. Msusi alikuwa ameamka, amejiziba mdomo kwa daftari lake. Mimi nilisimama ukutani kama nguo iliyotundikwa. Uso wa Sekunde ulikuwa umevimba macho, simjui. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu, nitamwambiaje dada yangu.

Baada ya kama nusu saa kutetemeka kukakoma. Pumzi ikarudi. Wekundu ukaanza kushuka. Daktari alivuta kiti akakaa, jasho limemlowesha kola.

"Mzee, umetutisha. Sasa nisikilize. Mwili wako umeikataa dawa hii. Kama umeikataa kwa mwendo wa matone matano, ambao ni wa kuonja tu, basi siwezi kukupa tena. Ni hatari."

"Tano?" nikauliza.

Daktari alichukua kadi kwenye stendi, akaikunjua mbele yangu. Ilikuwa na mistari mitano. Robo saa ya kwanza, matone matano. Ya pili, kumi. Ya tatu, ishirini. Nusu saa inayofuata, arobaini. Na mstari wa mwisho kabisa, kama yote yamekwenda vizuri, sitini.

"Tunapandisha kwa ngazi," akasema. "Mwili unabisha hodi kwanza. Mashine ilikuwa inafanya hivyo yenyewe, ndiyo maana hamkujua."

Nilimtazama Sekunde, Sekunde akatazama dari.

"Daktari," nesi akasema. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameikumbatia. "Kigurudumu nilikikuta kimefunguliwa sana. Mimi niliweka tano. Nakumbuka niliweka tano."

"Una uhakika?"

"Nilihesabu mara mbili." Kisha nikamwona anaanza kujitilia shaka. "Nafikiri nilihesabu mara mbili. Mgonjwa wa mlango wa pili alikuwa ananiita."

"Itabidi niandike taarifa," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Unajua hivyo."

"Najua."

Ukutani, juu ya kichwa cha Sekunde, palikuwa na tangazo tuliloliona kila tulipokuja: mgonjwa haruhusiwi kugusa dripu; atakayegusa anaweza kuondolewa kwenye huduma. Sekunde alilijua. Mimi nililijua. Mikono ile miwili kwenye shuka ilikuwa imenyooka, na nilijua hesabu anayoipiga. Akisema, wanamfukuza, na vidole vinalala. Akinyamaza, dawa imekwisha vile vile, lakini atabaki na jina lake la fundi asiyekosea, na mwanamke huyu ataondoka na doa.

Nilitaka kusema mimi. Nasema kweli nilitaka. Lakini ulimi ulikuwa mzito kama risasi tuliyokuwa tunayeyushia herufi.

"Nimefungua mimi," Sekunde akasema.

Akamwonyesha nesi kwa kidole.

"Huyu mama aliweka tano. Nilihesabu, yalikuwa matano kamili. Nikaona amekosea, nikaweka sitini." Akameza mate. "Nimekosea."

"Nimemsomea kadi mimi," nikasema. "Mstari wa mwisho tu."

Mdomo wa daktari ulifunguka ukabaki hivyo. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena.

"Wazee wawili wazima!" akasema mwishowe. "Wazee wawili wenye akili zao! Ingekuwa mtoto ningemchapa. Unajua ungekufa? Unajua?"

"Babu, kumbe ulitaka kutuaga tukikutazama!" msusi akasema kutoka kitini kwake, lakini sauti ilikuwa inamtetemeka.

"Niondoe kwenye huduma," Sekunde akasema. "Tangazo nimelisoma."

Daktari alisimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kuliko asubuhi nzima, maana alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka.

"Mzee, hilo ulilosema ndilo jema pekee nililosikia leo. Kama ni tano, nimemaliza kazi na wewe. Kama ni sitini tangu mwanzo, hiyo ni habari nyingine. Watu wengi wangelalamika kwa mwendo huo. Siahidi. Lakini naweza kujaribu mara moja tena, baada ya wiki mbili. Tutakupa kwanza dawa za kutuliza mzio, tutaenda polepole kuliko kawaida, nami nitakuwa humu humu. Ukipita salama mpaka mwisho, na saa moja ya kuangaliwa ukapita, unaendelea. Ukipata hata kipele kimoja, basi."

Nesi alirudi kwenye stendi. Alianza kukusanya mirija. Alipofika karibu na kichwa cha Sekunde alisimama.

"Nina watoto wawili, baba," akasema. "Ulikuwa kimya muda wote ule."

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia," akajibu. Hakusema amesamehe, na akatoka na sinia lake.

Wiki mbili zile dada yangu hakuongea na mimi. Kwa mumewe, maneno yake yalikuwa ya kumkabidhi vitu tu: shika, kula, vaa. Mimi nilistahili zaidi ya hayo.

Tulirudi. Mashine ilikuwa bado kwa fundi; siku hizi kitu kikipelekwa kwa fundi hakirudi, mafundi wenyewe wako wapi? Nesi alikuwa yule yule. Alimpima, akamuuliza maswali yake yote, akampa vidonge na sindano ya kutuliza, tukangoja nusu saa. Kisha akageuza kiti kikatazama ukuta, stendi ikawa nyuma, na kigurudumu akakifunga plasta mara tatu.

"Nikikuona umegeuza shingo, nakufunga na wewe."

"Nimekubali."

"Na wewe, mzee." Akanitupia kadi mapajani, imekunjuliwa. "Soma yote. Kwa sauti."

Nikasoma mistari yote, kuanzia juu. Msusi, ambaye hakuwa na zamu siku ile ila alikuja kutuona, alipiga makofi mwishoni.

Matatu kwa dakika. Kisha matano. Kila robo saa nesi alikuja kumpima presha, akatazama shingo, akanusa hewa kama anayehisi kitu kinaungua, akabandua plasta, akapandisha, akabandika upya. Daktari aliandika makaratasi yake pembeni na hakwenda popote. Sekunde alikaa akitazama ukuta mtupu kwa saa nne na robo, mikono juu ya mapaja. Hakuuliza hata mara moja yako mangapi. Saa ya tatu alijikuna shingo, na watu wanne tukasimama kwa pamoja. Ilikuwa lebo ya shati.

Mfuko ukaisha. Nesi akasafisha mrija kwa maji ya chumvi, akaandika saa.

"Sasa saa moja," akasema.

Sekunde alilala. Mimi sikuthubutu hata kupepesa. Nilivuta kigoda mpaka karibu na uso wake, nikawa natazama shingo, midomo, kope, natafuta wekundu wowote. Dakika ya arobaini nesi alikuja akasimama nyuma yangu. Naye alikuwa anatazama.

"Amelala?"

"Amelala."

"Anapumua vizuri."

"Nimemwona."

Akavuta kigoda kingine, akakaa. Mkono wa kulia wa shemeji yangu ulikuwa umelala wazi juu ya shuka, vidole vyote vitano vimenyooka, na sisi wawili tukaendelea kuutazama mpaka daktari akaja na kusema tumwamshe, saa imetimia.